Kabati la Jukwaani

Kila kiangazi kinapokaribia, ubao wa matangazo ulio nje ya ukumbi wetu hujaa karatasi hadi pini zinakosa pa kuchoma. Miezi mingine yote mji wetu unajulikana kwa kitu kimoja tu, mizani ya malori pale barabara kuu, na hilo si jambo la kujivunia mbele ya wageni. Lakini shule zikifungwa na jua likishika kazi yake, watu wa miji jirani huja kwetu kutazama, kusikiliza na kucheza, nasi tunajiona watu.

Mwaka huu ninaousimulia, ubao ulikuwa na neema. Bendi ya zimamoto ingepiga matarumbeta kwenye uwanja wa mpira, nayo ni bendi inayopiga kwa nguvu kuliko inavyopiga kwa usahihi. Mpiga picha wa harusi angeonyesha zile picha ambazo wateja walizikataa kwa sababu ndani yake wamefumba macho au wanatafuna. Kulikuwa na vikaragosi vya watoto, sinema ya kuonyeshwa kwenye ukuta wa shule, na mashindano ya dansi ya wastaafu, ambayo mwaka uliotangulia yaliisha kwa majaji kurushiana maneno. Wa kufungua msimu wote, kama ilivyo kawaida yetu, ulikuwa mchezo wa kuigiza wa kikundi chetu. Bango letu lilikaa katikati ya ubao, na katikati ya bango ulikaa uso wa dada yangu.

Wangu haujawahi kukaa kwenye bango lolote, ingawa nimo kwenye kikundi hicho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sababu ni kabati.

Kikundi chetu ni cha watu wa kazi. Mwongozaji ni mwalimu wa jiografia tunayemwita Kimya, kwa kuwa ndilo neno analolipigia kelele kuliko yote. Mwigizaji wetu mkuu wa kiume ni muuza nyama, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutikisa vikombe, anayefika mazoezini amechelewa na ananukia bucha. Mimi nina duka la kufua na kupiga pasi. Watu kama sisi hawana muda wa kukariri. Basi zamani, kabla hata ya Kimya, mtu mmoja mwenye akili zake alileta kabati kuukuu la nguo, akalitoboa matundu ya hewa, akaweka kigoda ndani, na mnong'onezaji akawa anakaa humo na tochi na mswada, awakumbushe wenzake maneno. Mtu huyo alipohama mji niliingia mimi. Nilidhani ni kwa msimu mmoja. Nimezeekea humo.

Kwa hiyo michezo yetu yote ina kabati. Mambo yakitokea sebuleni, kabati lipo. Yakitokea mahakamani, kabati limesimama nyuma ya hakimu. Tuliwahi kuigiza habari za wawindaji waliopotea msituni, tukalifunika kwa matawi, na hakuna mtazamaji aliyeuliza lilifikaje huko. Watoto wa mji huu wamekua wakijua kwamba penye mchezo pana kabati, na sidhani kama wangeuamini mchezo usio nalo.

Kunong'oneza kuna ufundi wake. Sisemi sentensi nzima, natupa maneno mawili ya mwanzo, mwigizaji anadaka na kuendelea. Muuza nyama nikimtupia mawili hukohoa, maana yake anataka manne. Na joto la mle ndani kiangazi halisimuliki, ndiyo maana sikuzote mimi huingia na beseni la maji, navua viatu, natumbukiza miguu, nafanya kazi nikiwa nimetulia. Ukumbi mzima unacheka na kulia hatua chache tu kutoka ninapoloweka vidole, na hakuna anayejua. Nilikuwa napenda hivyo. Sina sura ya bango.

Mtu mmoja tu kwenye kikundi hakuwahi kunihitaji, naye ni dada yangu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nusu ya mji huu imejifunza kusoma mbele ya macho yake makali. Watu wote humwita Dada Mkubwa, pamoja na wale wanaomzidi umri. Yeye alikuja mazoezini akiwa na maneno yake yote kichwani, na ya wenzake pia, na muuza nyama alipokohoa mara nyingi dada ndiye aliyemjibu kabla yangu. Nilimlalamikia kwamba ananinyang'anya kazi. Alisema nifurahie likizo.

Ndiyo maana tulichelewa kujua. Kwenye kikundi kingine, mwigizaji mkuu akianza kupoteza maneno watu wangeangaliana siku hiyohiyo. Kwetu kusahau maneno ni jambo la kila jioni, na kabati liko pale kwa ajili hiyo. Dada aliponyamaza katikati ya sentensi mara ya kwanza, Kimya aligonga mlango wa kabati akidhani nimesinzia. Aliponyamaza mara ya pili, muuza nyama alifurahi wazi, akasema sasa hata Dada Mkubwa amekuwa binadamu kama sisi. Mazoezi yaliendelea hivyo, wiki hadi wiki, kila mtu akicheka, na dada akicheka nao.

Mimi sikucheka. Ukikaa gizani muda mrefu unajifunza kusikiliza ukimya wa watu. Muuza nyama akisahau, unamsikia akitafuta, anapumua, anaguna, anapapasa mfuko utadhani neno limo humo. Dada hakuwa anatafuta. Nilipomchungulia kwenye tundu alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia, anatazama meza ya jukwaani kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

Binti yake ni nesi, naye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimpeleka hospitali, wakarudi na jina la ugonjwa. Ni ule wa kusahau, unaokwenda mbele tu, daktari alisema kwa upole, na dawa zake ni za kuupunguzia mwendo. Binti alikuja dukani kwangu akakaa kati ya mashati yaliyoning'inizwa, akalia mpaka akalowanisha pindo la shati la mteja, ikabidi nilipige pasi upya. Alinisihi mama yake asipande jukwaani. Mtu aliyewafundisha watu wote hawa, alisema, leo waje wamwone akipotea mbele yao? Nilimpa kitambaa safi, kwa sababu hicho ndicho kitu nilichokuwa nacho kwa wingi.

Na tangu hapo nikaanza kufanya kazi ya kabatini hadharani. Tukitembea na dada mtaani nilimtazama anayekuja, nikamwegemea dada begani na kumnong'oneza kabla hawajakutana. Huyu ni fundi baiskeli, mkewe kajifungua. Yule wa mwavuli ni mama wa duka la vitambaa, aliugua mguu. Dada alipokea shikamoo zake, akajibu marahaba, akauliza mtoto anaendeleaje, mguu umepoa, na watu wakaondoka wameridhika kwamba Dada Mkubwa hajamsahau mtu. Nami nilikuwa natembea pembeni yake nimejaa kiburi cha mwizi ambaye hajakamatwa.

Kimya si mtu mbaya. Alikuja dukani na mashati ambayo hayakuwa machafu, akayaweka mezani, akaanza kuzungukazunguka. Hatimaye alisema kwamba binti wa posta, yule anayeuza stempu, amejifunza nafasi ya dada yote, na kwamba bango si kitu, linaweza kubadilishwa. Hasira zangu ziko karibu na ngozi, na siku hiyo zilitoka. Nilimwambia achukue mashati yake na binti wake wa posta. Lakini alipofika mlangoni alisema kitu kilichonikata maini, kwamba dada ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe herufi, na kwamba hataki kuwa mtu wa kumwaibisha. Nikamwambia basi tumuulize mwenyewe.

Tulimuuliza jikoni kwake, mimi na Kimya na binti yake. Dada alikuwa anachagua mchele. Alitusikiliza wote mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wazazi waliokuja shuleni kulalamika, na hakuacha kuchagua.

"Najua kinachonipata," akasema. "Nimeambiwa, na bado sijasahau nilichoambiwa. Jukwaa lile nimesimama juu yake nusu ya maisha yangu. Nataka nisimame mara moja zaidi nikiwa najua kwamba nimesimama. Mwakani mnaweza kuniweka popote, sitabishana nanyi."

Binti yake akamwuliza itakuwaje akikwama mbele ya watu wote. Dada alinitazama mimi badala ya kumjibu. Nikasema nitakuwa kabatini. Alirudi kwenye mchele wake, na Kimya, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa kimya kweli, akaenda zake.

Mchezo wenyewe aliutunga Kimya. Unamhusu bwana mmoja anayestaafu kazi, anabaki nyumbani mchana kutwa, na anaanza kumfundisha mkewe namna ya kuchemsha maji. Muuza nyama ndiye bwana. Dada ndiye mke, na mke huyo anavumilia vituko mpaka sehemu ya pili, anapomwambia mumewe maneno marefu kuhusu kazi zote alizozifanya katika nyumba ile bila mtu kuziona. Hayo ndiyo maneno ambayo mchezo mzima unayasubiri. Bila hayo, ni mzaha wa mtu na birika.

Tulifanya mazoezi dukani kwangu nikiwa napiga pasi. Nilisema sentensi, dada akaisema nyuma yangu, mvuke ukipanda kati yetu. Siku nyingine aliyasema yote bila kusita na tukapongezana. Siku nyingine aliniuliza shati lile ni la nani, nikamwambia, akaniuliza tena. Nilijikaza kisabuni. Nilipanga kwamba nitamtupia sentensi nzimanzima badala ya maneno mawili, kwa sauti ya juu kidogo, na kwamba muuza nyama atapiga kelele zake kunifunika. Muuza nyama alikubali upesi. Alisema kupiga kelele ndicho kipaji chake cha pekee.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa mchana kweupe. Walikuja watu wa mji wetu na wa miji jirani, waliokosa viti wakasimama kwenye kuta, wengine wakakalia madirisha. Niliingia kabatini na beseni langu, tochi na mswada, nikavua viatu. Jasho lilianza kunitiririka kabla pazia halijafunguliwa. Roho yangu ilikuwa mkononi, sitaki kusema uongo. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, dada apite salama.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Dada alitembea jukwaani kama mwenye nyumba. Alipokwama nilimtupia sentensi, muuza nyama akanguruma, naye akaidaka na kuipeleka kwa watu kana kwamba ndiyo kwanza imemjia. Watu walicheka mpaka nikasikia kiti kikivunjika. Nilianza kuvuta pumzi.

Kisha ikaja sehemu ya pili, na maneno marefu. Muuza nyama alisema la kwake, akaketi, akamsubiri mkewe ampe vipande vyake. Dada hakusema kitu. Nilimtupia maneno mawili, nikatupa manne, nikasema sentensi nzima, kisha nikairudia kwa sauti ambayo naamini walioketi mbele waliisikia. Nilichungulia kwenye tundu nikaona mgongo wake tu. Muuza nyama alikuwa amepiga kelele zote alizokuwa nazo, zikamwishia. Ukumbi nao ulikuwa umeanza kuelewa, nilisikia viti vikiacha kulia.

Halafu nikasikia hatua zake. Hazikwenda mezani wala hazikwenda kutoka. Zilikuja kwangu. Mlango wa kabati ukafunguliwa, na mwanga wote wa jukwaa ukaniingia usoni.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufungua mlango ule mbele ya watu. Walichokiona ni bibi mwenye gauni la dukani, tochi mkononi, karatasi magotini, na miguu miwili ndani ya beseni la maji. Nilitamani maji yale yawe na kina.

"Mdogo wangu," dada akasema, "unafanya nini humu gizani peke yako?"

Alisema kwa sauti ya nyumbani kabisa. Hakuwa kwenye mchezo, na mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo kwa hakika. Nilifungua mdomo, nami ninayemlisha maneno kila mtu nikakosa hata moja. Aliyetuokoa ni muuza nyama, Mungu amzidishie. Aliinuka polepole, akaja akachungulia kabatini, akasema, "Mke wangu, uliniambia mdogo wako atakuja kututembelea. Hukuniambia kwamba keshafika na anaoga."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Kicheko kile kilikuwa kirefu, na hakikuwa cha kumcheka mtu, kilikuwa cha watu waliokuwa wameshika pumzi na wakaruhusiwa kuiachia. Ningeweza kujifungia mlango hapo, mchezo ukaendelea, na wageni wa miji jirani wakarudi kwao wakidhani yote yalikuwa yamepangwa. Nilishika mlango nivute. Dada hakuuachia.

Alinishika mkono akanitoa, miguu inachuruzika maji jukwaani, akanisimamisha kando yake. Akawageukia watu. Alikuwa amerudi. Sijui alikuwa ameenda wapi na sijui nini kilimrudisha, lakini ile ilikuwa sauti yake ya darasani, ambayo hata wanaume wenye wajukuu walipoisikia waliketi wima.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Siku hizi maneno yananikimbia. Yeye huyakimbilia akanirudishia. Wote mnaowaona hapa amewafanyia hivyo miaka mingi, nanyi mkawapigia makofi wao. Yeye hamkumpigia, kwa sababu alikuwa kabatini."

Kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, viganja vyake vyembamba, akinitazama. Muuza nyama akafuata, na yake yalikuwa kama mbao zinazogongana. Nilimwona Kimya pembeni ya pazia amefunika uso kwa mswada wake. Halafu ukumbi ukasimama. Mimi si mtu wa kulia hovyo, wateja wangu wananijua, lakini nililia pale mbele ya miji kadhaa nikiwa peku.

Mchezo tuliumaliza. Muuza nyama alinivutia kiti, nikaketi mezani kama mgeni wa nyumba ile, mswada wazi mbele yangu, na dada akasimama nyuma yangu ameweka mkono begani kwangu. Nilisoma sentensi kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, naye akaisema nyuma yangu. Nilimwambia nani alifua, akamwambia mumewe nani alifua. Nilimwambia nani alikesha na wagonjwa, akawaambia watu wote. Maneno yaliyotoka kwangu yakiwa mabichi yalitoka kwake yameiva. Ilipofika sentensi ya mwisho alinitangulia, akaisema yote mwenyewe, na muuza nyama akasahau ya kwake kabisa, na hakuna aliyekuwa kabatini wa kumsaidia. Alimkumbatia tu. Naamini ilifaa kuliko alichoandika Kimya, na Kimya mwenyewe alikubali.

Baada ya siku ile niliogopa kumtoa dada nyumbani. Sasa kila mtu alikuwa anajua, na nilijua watu wanavyoweza kuwa, wanaanza kumsemesha mtu mzima kwa sauti ya kumbembelezea mtoto, au wanavuka barabara wasikutane naye. Lakini bendi ya zimamoto ilikuwa inapiga wikiendi iliyofuata na dada alikuwa ameliona tangazo, au binti yake alimwonyesha, na alikuwa amekwisha kuvaa. Tukaenda uwanjani, tukapata benchi kwenye kivuli cha jukwaa la mpira.

Wa kwanza kutuona alikuwa fundi baiskeli. Nilimwegemea dada begani nianze kazi yangu, lakini fundi aliwahi. Aliinama akasema, "Shikamoo Dada Mkubwa. Mimi ni fundi baiskeli. Ulinifundisha kusoma, nikawa mtoro, ukanifuata mpaka nyumbani." Dada akasema marahaba, akamwuliza kama ameacha utoro. Akasema ameacha. Wakacheka wote wawili, naye akaenda kutafuta pa kukaa.

Nyuma yake akaja mama wa duka la vitambaa. "Shikamoo Dada Mkubwa, mimi ni yule wa vitambaa, mguu wangu umepona." Akaja mpiga picha wa harusi, akajitaja, akamkaribisha kwenye maonyesho yake na kumwambia kwamba picha yake moja imo, kafumba macho. Akaja binti wa posta, akasema jina lake na kazi yake na kwamba anajifunza kuigiza, kama ataruhusiwa atakuja kujifunza kwake. Walikuja wakipishana, wazee na watu wazima na watoto, na kila mmoja alianza kwa kusema yeye ni nani, wazi, kwa sauti ya kawaida, kisha akasalimia, kisha akaenda. Hakuna aliyevuka barabara. Baadaye nilimkamata Kimya nikamwuliza kama yeye ndiye aliyewapanga. Aliapa hakumpanga mtu, na namwamini, kwa sababu hajawahi kupanga kitu kikaenda sawa namna ile.

Sijui mtu anaushukuruje mji mzima. Mwenye duka hushukuriwa kwa kununua kwake, jirani hushukuriwa kwa kumpelekea sahani. Lakini watu wote hawa, na mizani yao ya malori na bendi yao inayokosea, mtu awashukuru vipi? Nilikaa pale nikawatazama wakijipanga kwenye majani, na moyo ulinijaa mpaka ukauma. Kiangazi kizima kilikuwa bado mbele yetu, na nilijua kwamba popote tutakapokwenda, kwenye picha, kwenye vikaragosi, kwenye dansi ya wastaafu na majaji wake wakorofi, dada hatasimama mbele ya mtu asiyemjua kwa zaidi ya pumzi moja.

Bendi ilimaliza wimbo, watu wakapiga makofi kwa hisani. Dada alinigeukia.

"Watu wote hawa wanajitambulisha kwangu," akasema. "Siku moja na wewe itabidi ujitambulishe."

Nilitaka kufanya mzaha, maana ndiyo njia yetu tangu utotoni. Mzaha haukuja. Nikamwambia nitajitambulisha.

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Mpaka unichoke."

"Huenda nisikuamini. Utakuwa bibi fulani tu anayeingia chumbani kwangu."

"Utanizoea. Mara ya kwanza pia hukunipenda. Mama alisema ulipoletewa mimi ulilia siku nzima ukitaka nirudishwe."

Alicheka kwa sauti, watu wa mbele wakageuka. Kisha akauchukua mkono wangu, huu uliokakamaa kwa pasi, akauweka kwenye mapaja yake, na akaugeuza kiganja juu kama alivyokuwa akifanya kukagua kucha za watoto wa shule.

"Basi acha nikushukuru leo," akasema, "ningali najua ninayemshukuru."

Akaniita kwa jina langu lote, langu na la baba yetu, akasema asante kwa maneno, asante kwa majina ya watu njiani, ambayo alijua muda wote kwamba nayanong'ona, na asante kwa kutomwacha asimame peke yake. Nilimtazama mdomoni jinsi nilivyozoea, nikiwa tayari. Hakukwama popote. Yote aliyasema mwenyewe.